Nilivyoinyoosha Nyumba ya Hajja Taqiya

Kosa langu la kwanza Riyadh lilitundikwa kwenye msumari, na nilipoondoka miaka mingi baadaye lilikuwa bado liko palepale. Lilikuwa ndoo ya plastiki iliyojaa jasi ngumu kama jiwe, na katikati yake mwiko wangu umesimama, mpini juu. Nilikoroga ndoo nzima kwa mara moja, kama tunavyokoroga chokaa kwetu Lamu, kisha nikaenda kunywa maji. Niliporudi ilikuwa imeshika. Nyapara wetu, Mpakistani ambaye hakucheka hata siku ya Idi, aliibeba mwenyewe akaitundika kwenye ukuta wa stoo. Kila fundi mgeni alipelekwa kuiona kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Nawaandikia nyinyi mlioanza kushika mwiko, na hasa wale ambao nasikia mmeshapimwa afya na mnangojea viza. Mimi niliishia kidato cha nne, sina maneno makubwa. Ninachojua ni chokaa na jasi, na mambo machache niliyoharibu kwa kujua chokaa na jasi.

Tuanze na hiyo jasi, ili angalau mtoke na kitu. Chokaa ni mzee, hana haraka. Unaichoma, unaitia maji, unaiacha shimoni hata ikusahau, na siku unayoirudia inakuwa laini kama siagi. Jasi ni kijana aliyetoka kulipwa. Ukiizubalia, imekwisha. Maji yatangulie ndooni, unga ufuate, unyunyizie kwa vidole mpaka uanze kujitokeza juu ya maji kama visiwa. Hapo acha, usiongeze. Koroga kidogo tu, na ukoroge kile utakachokimaliza. Ndoo ioshwe kila mara, kwa sababu mabaki ya jasi iliyokwisha kushika huiharakisha ile mpya. Riyadh joto ni kavu, kazi hupasuka juu kabla ndani haijatulia, kwa hiyo ifunikeni kwa gunia lililolowa. Jeddah ni kinyume chake, hewa ina maji, kazi hukaa siku nyingi ikiwa baridi chini ya kiganja. Fundi aliyezoea mji mmoja huaibika katika mji wa pili. Mimi nimeaibika katika yote miwili.

Nilikwenda huko katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati mawakala wa Uarabuni walikuwa wengi Mombasa kuliko vinyozi. Wasichana walichukuliwa kwa kazi za nyumbani, wanaume kwa udereva na ulinzi, na mafundi wachache kama mimi tuliokotwa hapa na pale. Wakala wangu aliniambia wanatafutwa mafundi wa mapambo ya kale. Nilifunga patasi zangu kwa kitambaa kama mtu anayebeba mayai. Kumbe kazi ilikuwa kufunga dari za bodi kwenye majumba mapya kaskazini mwa Riyadh, bodi baada ya bodi, na mapambo yenyewe yalitoka kwenye kalibu za mpira. Kafili wangu, mdhamini wa viza yangu na mwenye kampuni ndogo niliyofanyia kazi, hakuwa mtu mbaya. Alitulipa, ikama zetu, vile vibali vya kukaa, aliziweka sawa, na alituita wote Muhammad.

Aliyenifundisha kazi Lamu ni marehemu Mwalimu Kombo, na lazima nimtaje, kwa kuwa lawama nyingine ni yake. Kwake yeye ukuta wa vidaka, yale matundu ya kuwekea vyombo yanayopangwa kwa safu, ulikuwa kama mizani. Kidaka cha kushoto lazima kimjue mwenzake wa kulia. Siku moja nilimaliza safu nzima, nikasimama kando nikingoja sifa. Akaweka kidole chake chini ya kidaka cha mwisho, kikawa kimeshuka kwa upana wa kidole hicho. Alichukua nyundo akaivunja safu yote, kisha akaniomba nimletee maji ya kunawa. Alipokuwa akinawa ndipo aliposema, "Fundi harithi kosa la mwenzake." Nililishika neno lile kuliko aya nyingi nilizofundishwa chuoni.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Ammi Saleh, Myemeni, mzee kuliko mimi, aliyewekwa nyuma ya karakana ya kafili kumimina kalibu. Kwao Sana'a alikuwa fundi wa kamaria. Kamaria ni dirisha la nusu mwezi linalokaa juu ya dirisha la kawaida, limekatwa kwa jasi na kujazwa vioo vya rangi. Nyumba za mji mkongwe wa Sana'a ni ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, na nyingi zina nusu mwezi hizo. Jioni taa zikiwashwa ndani, alisema, mtaa mzima unakuwa kama sahani ya peremende.

Alinifundisha wakati wa chakula, kwa sababu nilimsumbua. Unamimina bamba la jasi juu ya ubao uliopakwa mafuta. Kabla halijawa gumu unachora kwa bikari, kisha unakata kwa kisu chembamba. Siri iko kwenye mkato. Kisu kilale, kielekee chini, ili mwanga usipite juu ya kichwa cha aliyekaa bali umshukie mapajani. Ukisimamisha kisu umetengeneza dirisha la msikiti, zuri kutazama lakini halimfai mtu aliyekaa chini. Baada ya hapo unalaza vioo nyuma na kuvishika kwa jasi nyepesi. Mara ya kwanza nilipokata, Ammi Saleh alitazama akaniuliza kama kwetu tunauza halua. Nikasema ndiyo, Lamu kuna halua. Akasema, "Inaonekana."

Vita vya kwao vilikuwa vimeshapamba moto, wao kwa wao na wengine juu yao. Bomu gani ni la nani sikuuliza, na nyinyi mkifika huko msiulize, mnakula kwa ikama ya mtu. Ammi Saleh naye hakusema. Alikuwa akiletewa picha kwenye simu, kifusi tu, na sisi wengine tuliona kifusi. Yeye aliisogeza simu karibu na pua na kukitambua kipande. "Hii ni kazi ya Hussein," angesema, "tazama pembe ilivyo ya kivivu." Au, "Hawa hawana ngazi tena." Hakuwahi kusema nyumba imebomoka. Alitaja kitu kimoja kilichoondoka, ngazi, kizingiti, jiko la ghorofa ya juu, kisha alirudi kumimina kalibu zake. Nilidhani ana moyo mgumu. Baadaye nilielewa kwamba nyumba nzima ni kubwa mno kuibeba mtu mmoja kwa siku moja.

Basi akaja Abu Majid. Alikuwa na jumba mtaa wa Al-Malqa, hapohapo Riyadh, na mama yake mzazi, Hajja Taqiya, alikuwa Myemeni aliyeolewa Saudia akiwa msichana. Nyumba ya baba yake ilibaki Sana'a, wakikaa ndugu na watoto wa ndugu, mpaka vita vilipoifikia. Waliokuwamo walitoka salama, Mungu ni mwema, lakini nyumba haikubaki hata ukuta wa kuegemea. Tangu habari ile Hajja alikuwa hali chakula vizuri. Na jambo jingine, Abu Majid alimweleza kafili kwa sauti ya chini: mama yake alikuwa ameanza kusahau. Alitaka atengenezewe chumba kama cha kwao, vidaka, nusu mwezi na vyote, upesi, angali anaweza kusema kilikuwaje.

Ammi Saleh ndiye aliyestahili kazi ile, lakini macho yake hayakuweza tena mkato mwembamba. Nikapewa mimi.

Nikaomba picha. Hapakuwa na picha. Picha za nje za mtaa zilikuwapo, na za chumba cha wanaume cha juu, chenye wageni wameegemea mito. Lakini Hajja hakutaka chumba cha wanaume. Alitaka kile cha ghorofa ya tatu alichokulia na mama yake na shangazi zake, na chumba cha wanawake hakipigwi picha. Kilikuwa kimebaki kichwani mwake peke yake. Ndugu zake wa kike wote walikuwa wametangulia, na jamaa waliotoka salama walitawanyika bila kupatikana.

Na mimi sikuweza kumwuliza. Desturi ya nyumba ile, fundi mwanamume hakai na wanawake, awe na mvi au asiwe nazo. Hajja alikaa juu, mimi nilifanya kazi chini, na katikati yetu ilikuwa ngazi na Mwende.

Mwende alikuwa msichana wa Machakos, mfanyakazi wa ndani, mwenye kumtunza Hajja. Alikuja na Kiarabu cha jikoni, yalla, halas, mafi, lakini kwa Hajja alikuwa amejifunza zaidi, kwa kuwa bibi yule alipenda kusimulia na hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza. Kila asubuhi alishuka na maneno ya siku ile. Vipimo alikuja navyo mwilini. Hajja hakujua sentimita. Alimsimamisha Mwende katikati ya chumba, akamwambia yeye ndiye mama, yeye ndiye shangazi, kisha akaonyesha. Safu ya kwanza ya vidaka iligusa kiuno cha Mwende, ya pili kidevu. Upana wa kidaka ulikuwa kutoka kiwiko chake mpaka ncha ya kidole. Siku nyingine alishuka na mistari ya wanja mkononi.

"Mzee, leo pima haraka, madam asinione nimechorwa kama ramani," aliniambia, akanyoosha mkono huku akitazama mlango.

Tulielewana vizuri. Aliona mimi nina ushamba wa mistari. Nilikuwa nikipitisha pima maji juu ya kila kitu, na yeye alikuwa akisema watu wa Lamu tunataka dunia nzima ikae kama meno ya mtu kwenye tangazo la dawa ya meno. Nami nikimwambia huko kwao Machakos huenda nyumba zinajengwa kwa kukisia. Akasema ndiyo, na hazijaanguka.

Asubuhi moja alishuka na maneno mawili. La kwanza, kidaka cha mwisho upande wa mlango kilikuwa chini kuliko wenzake. "Anasema kimekaa tu chini kidogo, kama mtu amechoka." La pili lilikuwa la kioo.

"Ile nusu mwezi ya katikati," alisema, "huku chini kushoto usiweke rangi. Weka tu kile cha kawaida, kile mtu anaona nje. Kimoja tu."

"Kilivunjika?"

"Sijui. Si nikuulizie?"

"Usimsumbue. Nimeelewa."

Nilikuwa nimeelewa nini? Nilielewa kwamba fundi fulani, zamani, aliishiwa na kioo chekundu, na kwamba huyo huyo, au ndugu yake, hakuwa na uzi wa kupimia. Nilimwona kabisa yule fundi kichwani mwangu, mvivu, amekaa kivulini. Na nikamsikia marehemu Mwalimu Kombo akinawa mikono.

Siku ile jioni nilimwonyesha Ammi Saleh mchoro wangu, safi, vidaka sawa, rangi zikifuatana kwa zamu bila kukosea, na katikati ya nusu mwezi ua la petali nane kama tunavyolichonga Lamu, maana mkono nao hutaka salamu yake. Nikamweleza yale makosa mawili na jinsi nilivyoyaondoa.

"Nyumba ya nani hii?" aliuliza.

"Ya Hajja Taqiya."

"Basi mwache akosee."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Nikakijenga chumba, na nawaambia bila haya, kilikuwa kizuri. Sijawahi kukata jasi vile kabla wala baada. Siku ya kukifungua walileta kahawa, wakafukiza udi, wakatandika zulia jipya. Mimi nilisimama nje ya mlango wa pembeni, kafili wangu mbele yangu ameshika joho lake kama bwana harusi. Hajja aliletwa ameshikwa mkono na Mwende. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria. Alitazama vidaka, akapitisha kiganja kwenye kile cha mwisho karibu na mlango, akateremsha kiganja chini yake, akakirudisha juu. Kisha akatazama sakafuni. Alitazama sakafu muda mrefu, akahama mahali, akaitazama tena. Mwanga wa rangi ulikuwa umemwagika zuliani kote, nyekundu, buluu, kijani, na mimi nikawa najiuliza kwa nini haangalii juu, kwenye kazi.

Alisema neno na Mwende akaniletea mlangoni. "Anasema mikono yako isipatwe na ubaya. Chumba ni kizuri."

Abu Majid alifurahi. Kafili alifurahi. Kabla ya wiki kwisha majirani wawili walikuja kuona, na mmoja akataka chumba kama hicho, ingawa ukoo wake wote ni wa Najd na hajawahi kuiona Yemen.

Nilipokwenda kuchukua vyombo vyangu Mwende alinifuata mpaka mlango wa nyuma akiwa na mfuko wa taka, ili awe na sababu.

"Mzee, ulimkosea mama wa watu," alisema. "Siku ile alikuwa anatafuta ule mwanga mweupe kwa zulia."

Ndipo aliponieleza, kama Hajja alivyomsimulia baada ya siku ile. Kioo chekundu kilikuwapo zamani, na kaka yake Hajja alikivunja kwa jiwe alipokuwa mdogo. Baba yao akasema hatakirudishia rangi. Atatia kioo kitupu, ili kila mgeni akiuliza, mtoto mwenyewe aeleze. Kaka akaeleza miaka mingi. Lakini kwa kioo kile kitupu, kila siku ya jua, katikati ya rangi zote paliingia pande moja jeupe, likatembea juu ya zulia polepole, na wanawake wa chumba kile wakawa wanafuata saa zao kwalo. Likifika kwenye ukingo wa zulia, mama yake Hajja alimtuma mtu kukanda unga. Likipanda ukutani, wanaume wako njiani. Kidaka kilichoshuka kilishushwa kwa ajili ya Hajja mwenyewe, alipokuwa mtoto asiyefikia gudulia la maji.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza nikuulizie. Ukasema umeelewa."

Akaupanga mfuko wa taka mkononi upya, akasema, "Rekebisha haraka, mzee. Asubuhi hii ameniuliza mimi ni binti wa nani."

Vijana, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kutoa kioo kimoja na kutia kingine ni kazi ya asubuhi. Kushusha kidaka kunataka siku mbili na uvumilivu wa vumbi. Ningemwambia kafili, angemwambia Abu Majid, basi. Lakini ningelazimika kusema nilielekezwa vizuri nikafanya nilivyotaka, na wakati ule nilikuwa ninasifiwa kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo. Nyapara mwenyewe alikuwa amenipa mkono. Nikasema nitarudi tukimaliza nyumba ya jirani. Baada ya ya jirani ikaja nyingine. Kila nilipopita Al-Malqa kwenye gari la kampuni niligeuza uso kutazama upande wa pili, kama mtu aliyekopa duka la mtaani.

Muda ulipita, Ramadhani mbili hivi. Ammi Saleh aliondoka kwenda kwa mwanawe, akaniachia kisu chake. Kisha Abu Majid akampigia kafili. Hajja alikuwa amehamishiwa Jeddah, kwa binti yake mtaa wa Al-Safa, kwa ajili ya hewa ya bahari na madaktari. Lakini hatulii. Anauliza chumba chake kiko wapi. Walitaka nimtengenezee ukuta mmoja na nusu mwezi moja, kama vile vya Riyadh.

Kafili aliniandikia karatasi ya ruhusa, nikapanda basi. Njia ni ndefu na upande wote ni jangwa, na abiria wengine walikuwa wanakwenda Umra, wanasoma dua. Mimi nilikuwa nikipanga kidaka. Nilifurahi, sitawaficha. Niliona nimepewa tena ile asubuhi niliyoikwepa.

Kwa mara ya kwanza maishani nilijenga kitu kombo kwa makusudi, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Mkono unakataa. Nilishusha kidaka cha mwisho, nikageuka kuchukua maji, nikajikuta nimeanza kukipandisha. Ilibidi nimwite Mwende, ambaye walimhamisha pamoja na Hajja, asimame ukutani kama zamani, na safari hii nikamwuliza kila kitu. Gudulia lilikuwa na ukubwa gani? Mtoto wa miaka mingapi? Alijibu akicheka.

"Sasa ndiyo unauliza, mzee? Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa."

Jasi ilichukua siku nyingi kukauka kwa ile hewa ya Jeddah. Hatimaye niliipandisha nusu mwezi mahali pake. Vyote vya rangi, na chini kushoto kimoja kitupu. Ua la Lamu sikuliweka.

Hajja akaletwa. Sasa hakuna tena aliyejali fundi ni mwanamume. Alikuwa amefika pale ambapo mtu hana wa kumwonea haya, na binti yake aliniambia nikae tu. Alikuwa mchangamfu. Alinishika mkono akanieleza nyumba ya baba yake, nami kwa Kiarabu cha chuoni na cha kazini nilimfuata vizuri. Alisema vidaka vyake vilikuwa vimenyooka kama safu ya sala. Alisema hapakuwa na rangi iliyokosa zamu yake. Akachora hewani kwa kidole katikati ya nusu mwezi, ua, akahesabu petali zake, zikawa nane. Baba yake, alisema, alimleta fundi wa mbali kulikata.

Nilimtazama Mwende. Alikuwa anatazama ndoo yangu.

Nilikuwa ninazijua kazi zangu zote, na kile chumba alichokuwa akinieleza kilikuwa kazi yangu. Cha baba yake kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu duniani, na mimi nilikuwa nimekipiga plasta.

Jua likasogea, mwanga ukashuka zuliani. Nyekundu, buluu, kijani, na pande moja jeupe. Hajja akaliona. Akaliinamia.

"Nani amemwaga unga?" aliuliza.

Binti yake alisema ni mwanga tu, mama. Mimi nikajaribu. Nilimwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba pale palikuwa na kioo kitupu zamani, kwamba kaka yake alikivunja kwa jiwe.

Aliuvuta mkono wake kutoka kwangu. "Kaka yangu ana adabu," alisema. "Nani amekuja kumsingizia?" Kisha akamgeukia Mwende, akawa anasihi. "Binti, pangusa kabla baba hajaingia. Atasema tunachezea unga."

Mwende alichukua kitambaa, akapiga magoti, akapangusa. Akapangusa tena. Lile pande jeupe likampanda juu ya mkono na kitambaa, likabaki palepale. Hajja akalionyesha kwa kidole. "Bado," alisema. "Bado lipo."

"Mzee," Mwende aliniambia kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, "panda tu ukitoe."

Nilipanda ngazi. Nilikikata kile kioo kitupu kwenye ukingo wake, kikatoka kizima. Nilikoroga jasi kiasi cha kiganja, nikalaza chekundu mahali pake, nikakishika kwa kidole mpaka kikashika chenyewe. Chini yangu niliusikia mkono wa Mwende ukiendelea kwenda na kurudi juu ya zulia. Nilipoondoa kidole, weupe ulikuwa hauko.

Hajja alilitazama zulia, upande huu na upande ule, akashusha pumzi.

"Ahsante, binti," alimwambia Mwende. "Umepangusa vizuri."